Zumari ya Jumanne na Alhamisi

Kazi ya lango ina dini yake, na kitabu cha dini hiyo ni daftari. Gari likiingia, andika. Gari likitoka, andika. Mtu akija kuuliza njia ya ufuoni na akaenda zake, andika naye. Msimamizi akipita na pikipiki yake hamuulizi mlinzi aliona nini. Hulifungua daftari, hupitisha kidole juu ya kurasa, na akizikuta zimejaa huondoka ameridhika. Salimu alikuwa na miaka tisa katika dini hii, kwenye lango la nyumba za wageni kule Diani, na imani yake haikuwa na doa. Ukurasa uliojaa ni kazi iliyofanyika.

Kwa hiyo Jumamosi ile, magari yalipokuwa machache, alifungua mle kibandani madaftari mawili ambayo hayakuwa ya lango. Moja lilikuwa la Hannah, mtoto wa watu aliyeketi dawati moja na binti yake. La pili lilikuwa la huyo binti, Twaiba, wa gredi ya tano, na lilikuwa jeupe kila palipostahili kuwa na Jumanne na kila palipostahili kuwa na Alhamisi. Salimu alitazama barabara kulia na kushoto kama mwizi wa kuku, akatoa kalamu, akaanza kunakili.

Siku hizo mbili, kipindi cha hesabu kikianza baada ya mapumziko ya saa nne, Twaiba hutolewa darasani. Huenda nyuma ya jiko la shule kufundishwa sengenya, ngoma ya Wadigo, kwa ajili ya tamasha ya muziki. Wenzake saba wa ngoma na upatu ni wa gredi ya sita, ambao hesabu zao husomwa asubuhi na hawakosi kitu. Wa gredi ya tano ni yeye peke yake. Na saa haiwezi kubadilishwa, kwa sababu Chome, fundi wa zumari anayewafundisha, kuanzia saa nane yuko hotelini akiwapigia wazungu wanaokunywa madafu. Shule ilimpata kwa saa aliyokuwa nayo, ikashukuru.

Zumari kwa Wadigo ni chombo cha wanaume, na wanaume wenyewe si wote. Januari Chome aliwapanga watoto arubaini, kila mmoja na mrija na kikombe cha maji, akawaambia wapulize mapovu bila kukatiza, pumzi iingie puani huku nyingine ikitoka kinywani. Wavulana walipaliwa, wakacheka, wakamwagiana maji. Twaiba alipuliza mpaka Chome akachoka kungoja. "Huyu," alisema, na mambo yakaishia hapo.

Salimu shule aliiacha darasa la sita. Alinakili asichokijua, hesabu za sehemu: tarakimu juu, mstari mlalo, tarakimu chini. Thumuni na thuluthi alizijua kwa habari za mirathi tu, siku masheikh walipogawa vijishamba vya marehemu baba yake. Lakini mkono wake ulikuwa hodari. Aliulaza mwandiko kushoto kama anavyoulaza Twaiba, na hata makosa ya kufutwafuta aliyatia machache, ili pasiwe pasafi kupita kiasi.

Mtu angeweza kumuuliza kwa nini asimwondoe mtoto kwenye zumari yakaisha. Jibu lilikuwa Dammam. Mkewe, Mwanaima, alikuwa huko Saudia kwa kazi za nyumbani, mwezi wa kumi na moja katika mkataba wa miaka miwili. Simu yake hukaa kwa madamu wake wiki nzima. Hupewa Ijumaa, saa tisa hadi saa kumi, akishaosha vyombo vya mchana. Kupiga hairuhusiwi, aliwaandikia zamani, tuandikiane tu. Basi kila Ijumaa, siku ambayo Salimu hupumzika na mwenzake Kahindi hushika lango ili naye aachiwe Jumapili ya kanisani, Twaiba husimama mlango wa uani akapuliza, Salimu akarekodi, wakamtumia mama mtu kwa wasapu. Ijumaa ishirini na moja sasa. Na kila Ijumaa jibu huja lile lile: "Nimeipata mwanangu. Nzuri sana."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kamba iliyobaki kati ya mtoto na mama yake. Salimu hakuwa tayari kuikata kwa ajili ya tarakimu juu ya tarakimu.

*

Jumatatu jioni alirudi Ukunda akamkuta Twaiba ameketi kizingitini na kikombe chake na mrija, akipuliza maji. Shule hutoka saa kumi, isipokuwa Ijumaa ambapo hutoka adhuhuri; Salimu hutoka kazini saa kumi na mbili. Saa mbili zile mtoto huwa peke yake, akapika wali, akaosha sare, akapuliza maji. Zumari yenyewe haipulizi jioni. Bi Shutu, mwenye nyumba, ameshamkanya: zumari ya magharibi huita wasioalikwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Shule?"

"Njema. Hannah amehama dawati."

Salimu alikuwa akivua viatu. Alisita na kimoja mkononi. "Mmegombana?"

"La. Jumanne na Alhamisi hesabu hufanywa wawili wawili. Mimi siku hizo sipo, basi akapewa Purity. Sasa wamezoeana." Alipuliza kidogo, akaacha. "Nimeketi nyuma, karibu na ile kabati."

"Na nani?"

"Na kabati."

Alisema bila kutaka kuchekesha, na Salimu hakucheka. Alitaka kumwambia neno la kumfariji, akalitafuta, akaona yote aliyo nayo ni ya kuwaambia wageni langoni. Karibu. Pole na safari. Akauliza, "Na daftari?"

"Limejaa, Baba. Hannah nimemrudishia lake. Amesema mama yake hataki tena alitoe."

"Ulilisoma, hilo letu?"

"Nililitazama."

Wakala wali. Baba alifurahi kwamba daftari limejaa, na mtoto alifurahi kwamba baba amefurahi. Usiku ukaingia na hakuna aliyejua sehemu ni kitu gani.

*

Njia ya mwongo ni fupi, nayo ya Salimu iliishia Alhamisi ya wiki ile ile. Mwalimu wa hesabu, Mwalimu Caroline, alimpigia simu afike shuleni mapumzikoni. Salimu alimwomba Kahindi amshikie lango kwa muda wa saa moja na nusu, akaenda kama alivyo, na sare yake ya kazi na rungu kiunoni, kwa kuwa kurudi nyumbani kubadilisha kungekula muda wote.

Mlinzi wa shule alimsalimia kama mwenzake, kisha akamsogezea daftari la wageni. Jina, saa ya kuingia, sababu. Salimu akaandika. Kwenye sababu hakujua aandike nini. Akaandika, "Mzazi."

Chumba cha walimu kilinuka chai na mahamri. Hakuna aliyemkaribisha. Mwalimu mmoja mwanamume aliinua macho akasema, "Soja, ile gari ya vitabu imefika? Wafungulie basi," na Salimu, kwa mazoea ya miaka tisa, alikwisha kugeuka aende kufungua aliposikia sauti ya mwanamke: "Hapana, huyo ni mzazi wangu. Keti, mzee."

Kiti kilikuwa cha watoto. Aliketi, magoti yakamfika kifuani. Mwalimu Caroline, mwanamke wa bara, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, alifungua daftari la Twaiba mbele yake.

"Hii daftari, Baba Twaiba. Ni nani amekuwa akiandika?"

"Mwanafunzi mwenyewe, mwalimu."

"Twaiba akiandika saba, huandika saba. Hapa saba imekatwa kati na kistari. Zote." Alifunua ukurasa. "Nani huandika saba namna hii?"

Salimu alijua. Walinzi wote huikata saba yao, isije ikadhaniwa moja kwenye namba ya gari. Dakika tano tu zilizopita alikuwa ameziandika hivyo langoni mwa shule.

"Hata hizo ningenyamazia," alisema mwalimu. "Lakini angalia hapa chini." Akaweka kidole mwisho wa ukurasa wa sehemu, akasoma kwa sauti: "Hali shwari. S. M."

Yule mwalimu mwanamume alipaliwa na chai. Mwingine aliinamia madaftari yake, mabega yakimtikisika. Ni maneno ambayo mkono wa Salimu huyaandika wenyewe kila mwisho wa zamu. Hakukumbuka hata kuyaandika. Aliyatazama, akatamani ardhi ipasuke aingie yeye na kile kiti cha mtoto.

Mwalimu Caroline hakucheka. Alimtuma mtoto mmoja amwite Twaiba. Twaiba alikuja kutoka nyuma ya jiko, ambako Chome siku hiyo alianza kabla ya kengele, zumari mkononi, midomo imevimba, akasimama kati ya baba na mwalimu.

"Twaiba, nusu jumlisha thuluthi."

Mtoto aliandika kwenye kipande cha karatasi. Moja na moja, mbili. Mbili na tatu, tano. Mbili juu ya tano. Akaisogeza karatasi kwa adabu.

"Nusu pekee ni kubwa kuliko hii," alisema mwalimu polepole. "Umeongeza kitu, kikapungua. Unaona?"

Twaiba aliitazama karatasi, akamtazama baba yake, kama kwamba jibu liko kwake kwa kuwa ndiye aliyeliandika. Salimu hakuwa nalo. Kurasa kumi na nne alizijaza kwa mkono wake, na kichwani mwa mtoto haujaingia hata mmoja. Aliona haya kuliko alipochekwa.

"Nina watoto sabini na wawili," alisema Mwalimu Caroline. "Muda wa kumrudishia mmoja sina, nikitaka nisitake. Jumanne nawapa zoezi. Mwalimu mkuu amesema atakayeangukia chini ya matarajio hapandi basi la kwenda tamasha kule Kwale, awe anapiga zumari awe anapiga nini. Sikukuita nikuaibishe. Nilitaka ujue kabla."

Mtu akiaibika hupenda kuonekana ana maamuzi. "Mshika mawili moja humponyoka, mwalimu," alisema Salimu, akajikokota kutoka kwenye kile kiti. "Basi mtoeni kwenye zumari. Leo hii."

"Sijasema atolewe. Nimesema aelewe."

"Mtoeni."

Twaiba hakulia. Alikiondoa kilimi cha zumari, kile kipande kikavu cha jani la mvumo kinachotiwa mdomoni, akakipangusa kwenye sketi kama alivyofundishwa. Akaenda kumrudishia Chome chombo chake. Kutoka dirishani Salimu alimwona Chome akiuliza neno, na mtoto akitikisa kichwa. Kisha zikasikika ngoma na upatu peke yake, zikitafuta wimbo ambao haupo.

*

Ijumaa baada ya swala Salimu aliketi mkekani, simu mbele yake. Twaiba alikuwa uani akianika nguo ambazo alikwisha kuzianika. Tangu jana alikuwa amesema maneno matatu tu, na yote yalikuwa "naam, Baba".

Saa tisa ikafika. Saa tisa na robo. Simu ikalia.

"Leo sijaona kitu. Mtoto mzima?"

Salimu huandika kwa kidole kimoja. Aliandika: "Mzima. Zumari ameacha. Ilikuwa inamkosesha hesabu. Nimemtoa mimi." Kisha, kwa kuwa uongo ulikwisha kumchosha, akaongeza: "Nilikuwa namnakilia mimi daftari lake. Nimeshikwa. Walimu wamenicheka."

Upande wa pili ilionekana Mwanaima anaandika, akaacha. Anaandika, akaacha. Mara tatu.

"Salimu nitakwambia kitu usinikasirikie."

"Sema."

"Sijapata kusikia hata moja."

Hakuelewa. Maneno mengine yakaja, moja chini ya jingine.

"Simu iliniponyoka ikaingia ndoo ya kudekia, mwezi wa pili tangu nifike. Inaonyesha lakini haitoi sauti. Ndiyo maana nikasema kupiga hairuhusiwi. Ningesema nanunua nyingine, mabati ya nyumba tunayojenga yangengoja."

"Nikaogopa mkijua sisikii mtaacha kuleta."

"Lakini naziona. Ule mstari wa vijiti vijiti. Nabonyeza nautazama unatembea mpaka mwisho. Mwanzo vijiti vilikuwa na mapengo. Siku hizi mapengo hakuna. Nikajua amepata pumzi."

Salimu alisoma yote, akarudia. Hakusikia nyayo. Twaiba alikuwa nyuma ya bega lake, kitambaa kibichi mkononi, naye alikuwa akisoma, kwa haraka zaidi kuliko yeye.

"Ijumaa zote hizo," alisema mtoto.

"Mwanangu..."

"Nilikuwa nampulizia nani, Baba?"

Twaiba alirudi uani, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, uso ukutani. Dawati la Hannah limempotea kwa ajili ya zumari, zumari imempotea kwa ajili ya hesabu, na sasa hata yule aliyekuwa akimpulizia hakuwa akisikia. Alikuwa na miaka kumi na moja na hakuwa na mtu. Alilia bila sauti, pumzi ikiingia puani na kutoka kinywani bila kukatika, kama alivyofundishwa.

Salimu aliandika: "Amesoma."

"Mpe simu."

Alimpelekea. Akachuchumaa kando, asijue aweke wapi mikono. Simu ilikaa mapajani mwa mtoto muda mrefu ikiwaka na kuzima. Halafu Twaiba akaishika.

"Hesabu gani imekushinda?" aliandika Mwanaima.

"Sehemu. Nusu jumlisha thuluthi. Mimi nasema mbili juu ya tano. Mwalimu anasema imepungua."

"Imepungua kweli. Unakumbuka nilipokuwa nauza mkate wa sinia pale stendi?"

"Nakumbuka."

"Mteja mmoja anataka nusu, wa pili anataka thuluthi. Sinia moja. Nakata vipi?"

"Sijui."

"Siwezi kukata vipande vikubwa na vidogo nikavihesabu pamoja, watagombana. Nakata sawasawa. Vipande sita. Nusu ni vingapi?"

Twaiba alichora duara mchangani kwa kidole cha mguu, akaligawa. Salimu naye alisogea, akainama.

"Vitatu," aliandika.

"Thuluthi?"

Hapo alikawia. Salimu alifungua kinywa. Thuluthi! Watu watatu wanagawana sawasawa, kama yeye na ndugu zake wawili walivyogawana ule mnazi wa kando. Lakini alijizuia, kwa mara ya kwanza tangu muhula ufunguliwe, akamwachia mtoto aione mwenyewe. Ilimgharimu.

"Viwili," aliandika Twaiba.

"Jumla?"

"Vitano."

"Vitano katika vingapi?"

"Sita. Tano juu ya sita!" Alifuta machozi kwa kile kitambaa kibichi. "Mama, si mbili juu ya tano kabisa."

"Si mbili juu ya tano kabisa. Nipe nyingine."

Akampa nyingine, na nyingine. Robo na nusu. Thuluthi na robo, ambayo ilitaka sinia la vipande kumi na viwili, na mchanga wote wa uani ukajaa maduara. Bi Shutu alipita na beseni lake akauliza kama ni bao wanacheza. Saa kumi kasoro dakika mbili, Twaiba alirudi kwenye duara la kwanza akalitazama.

"Mama, na kile kipande cha sita? Nusu na thuluthi zimechukua vitano."

"Hicho nibakishie."

Aliandika, "Nitakubakishia," akatuma. Ikatokea alama moja tu, ya pili haikuja. Saa kumi ilikuwa imefika, simu imerudi kwa madamu.

*

Jumanne Twaiba alifanya zoezi akiwa kwenye dawati la nyuma, karibu na kabati. Matatu katika matano. Mwalimu Caroline aliandika kwa kalamu nyekundu, "Anakaribia matarajio," na chini yake maneno mengine ambayo Twaiba alimsomea baba yake jioni ile: "Aende Kwale. Akirudi, Jumanne na Alhamisi ni za hesabu."

Salimu alilirudisha neno lake, na Twaiba akaenda Kwale. Salimu hakumwona, alikuwa langoni. Ruhusa ya mwezi ule alikwisha kuiomba, ile ya kwenda kuchekwa. Shule ilishika nafasi ya nne, na zilizotakiwa kusonga mbele zilikuwa tatu. Watoto walirudi wakiimba vilevile ndani ya basi, isipokuwa Twaiba, aliyekuwa akihesabu kwa vidole. Wiki iliyofuata shule haikumhitaji tena Chome, na kile kipindi cha nyuma ya jiko, kilichokula hesabu miezi sita, kikafa kwa siku moja. Chome alimwachia Twaiba zumari ya zamani, iliyopasuka na kufungwa uzi mweusi, na vilimi viwili. Alimwambia, "Ukiiacha itakauka." Akaenda zake hotelini.

Hannah hakurudi kwenye dawati. Hayo si mambo yanayorudi kwa sababu mtu amejua sehemu.

Ijumaa hiyo Salimu alipotoka msikitini alinunua kwa Bi Shutu, anayeuza siku hizi, mkate wa sinia mzima. Twaiba aliukata mwenyewe, kwa uzi, akapima kwa jicho mara nne kabla ya kila mkato. Vipande sita. Baba akala vitatu, mtoto akala viwili. Kile cha sita kikabaki sahanini, kikafunikwa kawa.

"Leo nipulize?" aliuliza Twaiba.

"Mama yako anangoja vijiti vyake."

Akasimama mlango wa uani. Salimu akashika simu kama kawaida yake, kidole tayari. Maana Ijumaa zote ishirini na moja yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na zumari ile, na hakuna hata moja aliyoisikiliza. Macho yake yalikuwa kwenye sekunde. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa dakika tano ukamaliza bando, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kukata zikifika dakika mbili. Wimbo wenyewe uko namna gani, ukimuuliza, hawezi kukwambia.

Alibonyeza, akaiegemeza simu dirishani, akaiacha peke yake. Akaketi kizingitini, pale anapoketi mtoto saa zile mbili za jioni. Akasikiliza.

Ulianza juu, mkali, wa kuumiza masikio, kisha ukashuka, ukazunguka, ukapanda tena pasipo mahali pa kupumua. Alingoja ukatike na haukukatika. Mashavu ya binti yake yalikuwa yamejaa na macho yake yamefumbwa. Salimu aligundua kwamba ule wimbo ni ule Mwanaima aliokuwa akiuvumisha akikanda unga, na kwamba mtoto amekuwa akiupuliza miezi sita nyumba hii hii, mbele yake, na hakuna aliyemwambia ameusikia. Akainama, akafunika uso kwa viganja.

Ulipokwisha, aliondoa viganja usoni.

"Ni ule wa mama yako," alisema Salimu.

Twaiba aliishusha zumari. "Umeujua?"

"Nimeujua."

Mtoto alikuja akaketi kando yake, bega kwa bega. Simu ilikuwa bado ikirekodi dirishani, dakika ya saba, na hakuna aliyeinuka kuizima. Baadaye waliituma yote. Jibu lilipokuja halikuwa lile la siku zote. "Leo mstari mrefu," aliandika Mwanaima. "Na mwisho vijiti vimelala chini kabisa, vimekaa hivyo. Hapo mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tumeketi," aliandika Twaiba.

Jioni, alipokuwa akiondoa vyombo, alilifunua kawa akakitazama kile kipande. Mkataba wa mama yake ulikuwa na miezi kumi na tatu mbele.

"Kesho kitachacha, Baba."

"Kikichacha," alisema Salimu, "Ijumaa utakata mkate mwingine."